Kupima ubora wa mlo na mahali watu wanapopata chakula Moshi na Arusha: tutumie kipimo gani ili tulinganishe na takwimu za taifa?

Lishe_Pasua

Wakuu, habari za saa hizi.

Kikundi chetu kinaandaa utafiti mdogo wa ulaji katika kata mbili za Manispaa ya Moshi, moja ya Moshi Vijijini upande wa juu mlimani, na moja ya Jiji la Arusha. Lengo ni kuzipa halmashauri ushahidi wa wapi pa kuweka zile fedha za lishe, ile Sh 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka 5 wanayotakiwa kutenga. Kwa sasa mipango mingi inaandikwa kana kwamba kila kaya inakula kutoka kihambani kwake (shamba la nyumbani la Kichagga), wakati mjini watu wananunua karibu kila kitu, na mchana wengi hawali nyumbani.

Naomba msaada kwenye mambo manne. Takwimu zipi za taifa zinaweza kukaa meza moja na zetu bila kudanganya? Ubora wa mlo tuupime kwa kipimo gani? Swali la chanzo cha chakula liulizweje ili lijibike? Na kaya ngapi, miezi gani?

Wadadisi tunao sita, vishkwambi vipo, bajeti ni ndogo.

---

Shajara

Mkuu, nianze na swali la kwanza, maana hapo ndipo ripoti nyingi za wilaya zinapokufa.

Tanzania ina vyanzo vitatu vikubwa na kila kimoja kinapima kitu chake. TDHS, utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu, inatoa hali ya lishe ya mwili na orodha ya vyakula vilivyoliwa jana. Udumavu wa watoto wa chini ya miaka 5 ulikuwa asilimia 42 mwaka 2010, ukashuka hadi 34 mwaka 2015-16, kisha 30 mwaka 2022. Upande wa pili, wanawake wenye uzito uliozidi au kiribatumbo walikuwa asilimia 18 mwaka 2004-05, 22 mwaka 2010 na 28 mwaka 2015-16. Mistari hiyo miwili iwekeni ukurasa mmoja, kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini kuhesabu kalori peke yake hakutoshi tena. Ila mkichukua takwimu za wanawake, angalieni kwanza kundi la umri lililotumika kwenye jedwali, 15-49 au 20-49. Ukichanganya hayo mawili unapata "ongezeko" ambalo halipo. Na kumbukeni TDHS haiulizi chakula kimetoka wapi.

Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya (HBS) wa 2017-18 unatoa matumizi kwa fedha, kaya zikiandika kwenye shajara. Ndiko ulikotoka mstari wa umaskini wa chakula wa Sh 33,748 kwa mtu mzima kwa mwezi, na ule wa mahitaji ya msingi wa Sh 49,320. Walioshindwa kufikia wa kwanza walikuwa asilimia 8, wa pili asilimia 26.4. Hizo ni bei za wakati ule. Msizitumie kama bei ya leo bila kuzipandisha kwa mfumuko wa bei.

Wa tatu ndio unaowafaa zaidi: Utafiti wa Kufuatilia Kaya (NPS), ulioanza 2008/09 ukarudiwa 2010/11, 2012/13, 2014/15 na 2020/21. Huu unauliza siku 7 zilizopita, na kwa kila chakula unatenganisha kiasi kilichonunuliwa, kilichotoka shamba la kaya, na kilichopokelewa kama zawadi. Data zake zinapakuliwa bure ukishajisajili.

Sasa mitego yake. Sampuli ya NPS haijatengenezwa kuzungumzia mkoa mmoja mmoja, kwa hiyo "NPS inasema Kilimanjaro..." ni sentensi ya kufuta. Linganisheni mitaa yenu na miji mingine ya Bara, na kata ya mlimani na vijijini Bara. Pia kipimo ni cha kaya: unajua kaya ilikula kilo 3 za maharage, hujui mama alipata kijiko au bakuli. Na chakula cha nje kimewekwa sehemu yake kwa thamani ya fedha. Sh 2,500 ya mama lishe haikuambii kama sahani ilikuwa na mchicha au haina. Anayeisahau sehemu hiyo anapata watu wa mjini wanaoonekana kula kidogo kuliko wa kijijini.

Jambo la mwisho: msilinganishe shajara na kukumbuka siku 7. Mtu akiulizwa kwa kumbukumbu husahau vitu vidogo vidogo vya kutafuna. Akiandika kila siku huchoka wiki ya pili. Makosa yote mawili yapo, ila hayalingani.

---

Mezani10

Kwenye kipimo, kwa bajeti hiyo tumieni kile cha makundi 10 kwa wanawake wa miaka 15-49 (MDD-W). Unauliza kila alichokula na kunywa tangu alipoamka jana hadi alipoamka leo, unapanga kwenye makundi 10, na aliyefikisha makundi 5 au zaidi ndiye anayehesabika. Ni kipimo cha kundi la watu. Hakimpi mtu mmoja cheti cha "unakula vizuri", na msikitumie kliniki kumshauri mama mmoja mmoja.

Makundi ni haya: wanga (nafaka, mizizi, ndizi za kupika), kunde, karanga na mbegu, maziwa, nyama, kuku na samaki, mayai, mboga za majani ya kijani, matunda na mboga nyingine zenye vitamini A, mboga nyingine, matunda mengine. Mwongozo wa taifa unatumia makundi sita na unaziweka karanga pamoja na kunde. Msichanganye hesabu hizo mbili kwenye jedwali moja.

Kosa kubwa Kilimanjaro na Arusha linatokea kwenye kupanga vyakula, kwa hiyo wapeni wadadisi karatasi ya majibu kabla hawajaingia mtaani:

Ndizi ya kupika (mtori, machalari, kiburu) ni wanga. Ndizi mbivu ni matunda mengine. Mdadisi akiandika "ndizi" tu, dodoso limeharibika.

Kiburu kina makundi mawili, ndizi na maharage. Machalari ni ndizi na nyama, pamoja na kundi la mboga nyingine iwapo nyanya na vitunguu vinatosha. Kitawa ni ndizi na maziwa. Loshoro ni mahindi na maziwa mgando. Makande ni mahindi na maharage. Usiandike jina la chakula ukaendelea, uliza kilichomo.

Mnafu, mchicha, sukuma, chainizi, figiri, majani ya maboga, kisamvu, matembele: kijani. Kabichi ya kawaida, ngogwe, bamia, biringanya, nyanya, vitunguu: mboga nyingine. Karoti, boga la njano na viazi vitamu vya njano: vitamini A. Viazi vitamu vyeupe: wanga. Papai bivu na embe bivu: vitamini A. Parachichi: matunda mengine, ingawa watu wengi hapa wanaliwaza kama mboga kwa sababu linaliwa na wali.

Kuna kanuni ya gramu 15, kama kijiko kimoja kikubwa cha chakula. Kitu kilicholiwa chini ya hapo hakihesabiwi. Dagaa watatu wa kutia ladha kwenye sufuria ya watu sita, hapana. Chai ya rangi iliyotiwa maziwa kidogo ibadilike rangi, hapana. Chai iliyochemshwa nusu maziwa, ndiyo. Supu ya mifupa isiyo na nyama, hapana. Kanuni hii isipofundishwa, karibu kila mwanamke wa Moshi atakuwa amekunywa "maziwa", na asilimia yenu itapaa bure.

Kuna namna mbili za kuuliza: kusoma orodha ya vyakula mtu ajibu ndiyo au hapana, au kumwacha aeleze siku yake yote kisha mdadisi apange. Orodha ni ya haraka lakini huongeza majibu ya ndiyo. Mkitaka kujilinganisha na TDHS 2022, iliyotumia orodha, tumieni orodha. Mkitaka chanzo cha chakula, ambacho ndicho moyo wa utafiti wenu, lazima mtumie maelezo ya wazi. Ningechagua maelezo ya wazi kwa wote, na orodha mwishoni kwa theluthi moja ya wahojiwa, ili mjue tofauti ya njia hizo mbili ni pointi ngapi kwenye eneo lenu. Hiyo tofauti ichapisheni kwenye ripoti.

Bado MDD-W haioni vyakula vibaya. Soda, maandazi, chips, sukari: havimpunguzii mtu alama. Kwa mji, ongezeni GDQS, alama ya kimataifa ya ubora wa mlo. Ina makundi 25: 16 ya kuongeza alama, 7 ya kupunguza, na 2, nyama nyekundu na maziwa yenye mafuta mengi, ambayo ni mabaya yakizidi. Alama zinakwenda 0 hadi 49. 23 na zaidi ni hatari ndogo, chini ya 15 ni hatari kubwa. Sembe na mchele mweupe vinaingia kwenye nafaka zilizokobolewa. Na kuna kundi ambalo kwa Arusha linafanya kazi kubwa: vyakula vya kukaangwa kwenye mafuta mengi vilivyonunuliwa. Chips za kibandani zinaingia. Viazi ulivyokaanga mwenyewe nyumbani haviingii hapo. Kwa hiyo lazima ujue chanzo ili hata alama yenyewe itoke sawa.

---

KwaMrombo_Data

Naomba niingie kwenye swali la chanzo, maana wengi wanaliuliza mara moja kwa kaya nzima: "Kwa kawaida mnapata wapi chakula?" Jibu litakuwa "sokoni", na hutakuwa umejifunza kitu. Liulizwe kwa kila chakula kilichotajwa jana, na ligawanywe mara tatu: kilipatikana wapi, nani alipika, kililiwa wapi.

Hayo matatu hayafuatani. Chapati inaliwa nyumbani lakini imenunuliwa kwa jirani anayepika. Wali wa nyumbani unaliwa ofisini kwenye hotpoti. Maharage ya mama lishe yanachukuliwa kwenye bakuli na kuliwa na ugali uliosongwa nyumbani. Ukiwa na kisanduku kimoja tu, mdadisi mmoja ataandika nyumbani na mwingine mama lishe kwa chakula kilekile.

Orodha ya vyanzo iendane na mji ulivyo. Shamba, kihamba, bustani au mifugo ya kaya. Soko la kila siku (Mbuyuni au Soko Kuu kwa Moshi; Kilombero, Samunge au Soko Kuu kwa Arusha). Gulio la siku maalumu. Genge la mtaani. Duka la Mangi. Bucha. Supamaketi. Mchuuzi anayetembea au anayekaa na beseni. Mama lishe, baba lishe na mgahawa. Kibanda cha chips na nyama choma. Shule au kazini. Zawadi kutoka kijijini. Jirani, msiba au sherehe. Msiunganishe genge na soko hata kama mnataka jedwali fupi. Sokoni mtu ananunua kwa sado na debe (makopo ya kupimia) mara moja kwa wiki. Gengeni ananunua fungu la leo. Ni namna mbili tofauti za kutumia fedha, na bei kwa kilo hazifanani.

Zawadi kutoka kijijini iwe na nafasi yake. Moshi mjini mkungu wa ndizi, maziwa na parachichi vinashuka kutoka Kibosho, Marangu au Old Moshi bila kupita kwenye soko lolote. Vikiingizwa "nyingine" mnafuta moja ya njia kuu za chakula za mji huo.

Huu ni mfano wa kufundishia wadadisi, siku moja ya mwanamke anayefanya kazi mjini:

Asubuhi: chai ya rangi, maandazi mawili ya mchuuzi. Mchana: wali, maharage na kipande kikubwa cha papai kwa mama lishe. Usiku, nyumbani: ndizi za kijijini zilizopikwa na nyama ya bucha, nyanya na vitunguu vya kutosha, na mnafu wa gengeni.

Makundi yake: wanga, kunde, vitamini A (papai), nyama, majani ya kijani, mboga nyingine. Sita, amefaulu. Sasa ondoa mlo wa mama lishe: kunde na papai vinaondoka, anabaki na manne, ameshindwa. Yaani chakula cha nje ndicho kilichombeba. Halafu mpime kwa GDQS: maandazi na wali mweupe vinamrudisha nyuma, na vyote viwili vimetoka nje. Chanzo kilekile kinampa na kinamnyang'anya, na huwezi kuliona hilo kama hukuandika chanzo chakula kwa chakula. Ripoti itakayosema tu "ulaji wa nje ni mbaya" itazishauri halmashauri zipambane na mama lishe, wakati kinachofaa ni kumsaidia aongeze kikombe cha mboga na kipande cha tunda kwenye sahani ileile.

Kwenye unga ongezeni swali moja zaidi: uliofungwa kiwandani, au wa mashine ya mtaani? Kanuni za urutubishaji wa vyakula zinataka unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula vinavyozalishwa kibiashara virutubishwe. Mahindi uliyobeba mwenyewe mashineni yanarudi kama yalivyokwenda. Kwa hiyo sembe la kiwandani linaweza kuwa na madini chuma na foliki asidi ambayo sembe la mashine halina, na dona la mashine lina ganda na kiini ambavyo sembe halina. "Ugali" peke yake hausemi lolote.

---

Lishe_Pasua

Asanteni sana, wakuu. Hili la maswali matatu ya chanzo kwa kila chakula limetufumbua macho, tulikuwa na swali moja la kaya.

Nina maswali mawili zaidi. Kaya ngapi na miezi gani? Na kuna mwenzetu ametaja utafiti wa Marekani uliolinganisha ubora wa mlo kwa chanzo, shule zikaonekana bora kuliko migahawa na maduka. Je, tunaweza kuutumia kama kigezo?

---

Shajara

Idadi: mkitaka asilimia yenye kosa lisilozidi pointi 5 juu au chini, hesabu ya kawaida inatoa 384. Kwa kuwa mnachagua mitaa kwanza kisha kaya, majirani wanafanana ulaji, kwa hiyo zidisheni kwa 1.5: 576. Wadadisi sita hawataweza hiyo kwa kila kata. Mkikubali kosa la pointi 7, ni 196 mara 1.5, yaani 294. Chukueni maeneo 30, wanawake 10 kila eneo, mnapata 300. Hiyo ni namba ya kila kundi mnalotaka kulizungumzia peke yake. Mkitaka kusema "mjini" na "mlimani" ni 600. Mkitaka kila kata isimame peke yake, ni 1,200. Amueni sasa, msije mkagawanya watu 300 mara nne kisha mkatangaza kata moja inaizidi nyingine.

Maeneo 30 ni bora kuliko maeneo 10 yenye watu 30 kila moja, hata kama nauli inauma.

Siku: wagawanyeni wahojiwa kwenye siku zote 7 za wiki. Mkihoji Jumatatu hadi Ijumaa, Ijumaa na Jumamosi hazionekani kabisa, maana unauliza jana. Na nyama choma iko hukohuko. Karibu na Tengeru gulio ni Jumatano na Jumamosi, Ngaramtoni ni Alhamisi na Jumapili. Mahojiano ya siku inayofuata gulio yanaonyesha matunda na mboga zaidi. Andikeni tarehe ya gulio la karibu kwenye kila dodoso.

Miezi: awamu mbili, moja wakati wa masika (Machi hadi Mei) na moja baada ya mavuno ya mahindi na maharage ya tambarare. Mboga za majani hujaa wakati wa mvua, maharage huwa rahisi baada ya mavuno. Awamu moja itawapa jibu la msimu, nanyi mtaliita jibu la mwaka. Epukeni katikati ya Desemba hadi wiki ya kwanza ya Januari: Wachagga wamerudi nyumbani, mbuzi na ng'ombe wanachinjwa, hata kaya maskini inakula nyama. Ramadhani nayo hubadilisha saa na aina ya vyakula, na Ijumaa za Kwaresima hupunguza nyama kwenye vijiji vya Wakatoliki. Ni maisha halali ya watu na yanastahili kupimwa, ila msiyaweke kwenye awamu moja tu kisha mkalinganisha.

Kibali: anzeni mapema. Kibali cha maadili kutoka NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) au kamati inayotambulika, kisha barua kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka kwa mkurugenzi, mtendaji wa kata, mwenyekiti wa mtaa. Ukiruka ngazi moja, wadadisi wanasimamishwa siku ya kwanza.

---

Mwl_Uji

Kuhusu utafiti wa Marekani: ni wa Chuo Kikuu cha Tufts, ulichapishwa 2021, unatumia takwimu za taifa lao za 2003 hadi 2018. Kwa watoto, sehemu ya ulaji wa shuleni iliyokuwa na ubora duni ilishuka kutoka karibu asilimia 56 hadi 24. Maduka ya vyakula yalitoka 53 hadi 45. Migahawa ilitoka 85 hadi 80 tu.

Msiutumie kama kigezo cha namba. Walipima kwa alama za chama chao cha magonjwa ya moyo, zinazoangalia matunda na mboga, nafaka zisizokobolewa, samaki, vinywaji vya sukari na chumvi. Hazifanani na MDD-W. Na mgahawa wao si mama lishe wetu.

Kinachofaa kuchukuliwa ni chanzo cha mabadiliko. Shule zao hazikubadilika kwa semina za kuelimisha watoto. Sheria ya 2010 ilibadilisha viwango vya chakula kinacholipiwa na serikali, na kuanzia mwaka wa masomo 2012-13 sahani ikawa lazima iwe na mboga na matunda zaidi, nafaka zisizokobolewa, na mipaka ya chumvi na kalori. Shule ni sehemu ambayo mtu mmoja anapanga sahani ya watoto mia kadhaa. Mgahawani kila mteja anajichagulia.

Hapa kwetu msingi ni tofauti: chakula cha shule ya kutwa kinategemea michango ya wazazi. Kwa hiyo dodoso lenu liulize kwanza kama shule inapika, siku ngapi kwa wiki, na mtoto wa aliyeulizwa alikula jana au la. Kuna shule inayopika lakini mtoto asiyechangiwa hapewi. Ukihesabu "shule ina chakula", huyo mtoto amepotea.

Kisha nendeni jikoni mkapime. Chukulia wanafunzi 300, makande kwa gramu 120 za mahindi na 40 za maharage, vipimo vikiwa vikavu, na gramu 5 za mafuta kila mmoja: kilo 36 za mahindi, kilo 12 za maharage, kilo 1.5 za mafuta. Hiyo ni takriban kalori 600, na makundi mawili tu. Gramu 30 za mchicha au majani ya maboga kwa kila mtoto ni kilo 9 zilizochambuliwa, na kundi la tatu limeingia bila kubadilisha sufuria. Zitiwe dakika chache kabla ya kuepua. Zikichemshwa na mahindi tangu asubuhi, vitamini C nyingi imeisha na watoto wanaziacha kwa ladha.

Kinachokwama mara nyingi ni maharage. Mpishi hupunguza kwa sababu ni ghali na kuni ni chache. Kuyaloweka usiku kucha kunapunguza sana muda wa kuiva. Mkipima, msichukue uwiano wa kwenye daftari la stoo. Chukueni pawa tatu kutoka juu, katikati na chini ya sufuria, mtenganishe punje na mpime. Uwiano wa daftari na wa sahani haufanani.

Na muangalie stoo. Mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu zaidi ya asilimia 13.5 yanaota ukungu, na sumukuvu haiondoki kwa kupika. Mlo wenye makundi manne juu ya mahindi yenye sumukuvu si mlo bora.

Langoni pia: barafu, ubuyu, kashata, maandazi. Mwulizeni mtoto, si mama yake, alinunua nini. Mama hajui.

---

Mizani_Mbuyuni

Nimesoma yote, hakuna aliyegusa vipimo vya sokoni, na GDQS inataka kiasi.

"Fungu" si kipimo. Kabla ya kuanza, nunueni mafungu matano ya kila mboga kwenye magenge matatu tofauti na sokoni, myapime kwa mizani ya gramu, mtoe mizizi na mashina, mpime tena. Wastani wa kilichobaki ndio mtakaoutumia. Rudieni awamu ya pili, kwa sababu fungu hupungua ukubwa bei ya mboga ikipanda, bei ya fungu lenyewe ikibaki ileile ya Sh 500. Mtu ataripoti "fungu moja" misimu yote miwili, na mtadhani ulaji haujabadilika.

Sado nayo ina ya kufutwa (iliyosawazishwa juu) na ya kilima (iliyorundikwa). Maharage ya kilima yana uzito zaidi, na wauzaji wengine wana sado iliyobonyezwa tako. Pimeni zenu. Debe la mahindi makavu na la mahindi yenye unyevu pia hazifanani.

Mkungu wa ndizi: maganda na mkono vinaondoa theluthi moja au zaidi. Andikeni idadi ya ndizi na ukubwa, pimeni ndizi tatu za kila aina zikiwa zimemenywa.

Kwa sahani za mama lishe, nunueni sahani kamili kwenye vibanda vitano kwa kila kata, tenganisheni wali, maharage, mboga na nyama, pimeni kila kimoja. Mtapata jedwali la "sahani ya kawaida" la kumsaidia mdadisi pale mhojiwa anaposema "nilikula wali maharage" bila zaidi. Virutubisho vichukuliwe kwenye jedwali la vyakula vya Tanzania la 2008. Lina ndizi, ugali na mboga zetu nyingi. Ukitumia la Marekani kwa mnafu unakisia.

---

Lishe_Pasua

Mkuu Mizani, na mtu aliyekula kwenye sinia moja na wenzake? Nyumba nyingi za upande wetu wanakula pamoja.

---

Mizani_Mbuyuni

Msimwombe akisie sehemu yake kwa asilimia, atasema sawa kwa sawa, na haikuwa sawa. Uliza sufuria nzima ilikuwa na nini na kiasi gani kikiwa kibichi, nani walikaa kwenye sinia na umri wao, na nani aligawa nyama. Ugali na mboga zigawanywe kwa uwiano wa mahitaji ya nguvu kwa umri na jinsia. Nyama, samaki na mayai ziulizwe kwa vipande, kwa jina la kila mlaji: baba vipande vitatu, mama kimoja, mtoto wa miaka minne mchuzi tu. Mchuzi bila kipande hauingii kundi la nyama. Kwa mtu mmoja katika kila kumi, mdadisi arudi siku nyingine isiyofuatana akapime mlo ukiwa unapakuliwa, ili mjue kukumbuka kwao kunapungua au kunazidi kiasi gani.